Shada la Bi Harusi kutoka Milima ya Uluguru

Wenyeji wa Morogoro hupenda kuuita mji wao "mji kasoro bahari", wakimaanisha kwamba kila neema Mwenyezi Mungu ameiweka pale ila maji ya chumvi. Sisi tulio na bahari mlangoni, hapa Dar es Salaam, tuliwaendea katika mwezi wa Shaabani kutafuta kitu ambacho mji wetu ulikuwa umetushinda: maua ya harusi.

Binti yetu alikuwa ameposwa, na ndoa ilipangwa kufungwa Mfungo Mosi, wiki chache baada ya Idi. Familia ilipokaa kupanga matumizi, mambo makubwa yalikwisha upesi: mahari ilikuwa nyepesi kwa hiari ya binti mwenyewe, na ukumbi ulikuwa uwanja wa nyumba. Tulikwama kwenye jambo dogo. Bei tuliyoletewa ya shada moja la mkononi, pamoja na maua ya jukwaa, ilikuwa sawa na bei ya mbuzi wawili. Mzee mmoja wa ukoo, ambaye si msemaji, aliuliza swali moja tu: kati ya mbuzi na maua, jirani zetu na yatima wa mtaani wataalikwa kula kipi? Wote tunayajua mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.) kuhusu ubaya wa karamu ya harusi wanayoitiwa matajiri na kuachwa mafukara. Hakuna aliyejibu.

Binti naye hakujibu, lakini tuliuona uso wake. Kwa msichana wa leo, shada huonekana katika kila picha, na kila picha hupita katika simu za wenzake wote. Baadaye alituambia kwa sauti ndogo kwamba hakutaka makuu. Aliogopa tu kuonekana ameokota maua njiani. Hofu hiyo hatukuidharau. Furaha ya bi harusi nayo ni haki yake, na mtu hapambwi kwa kusimangwa. Ndipo mama yake alipokumbuka bustani ya mama yake mzazi, juu ya mji wa Morogoro, katika njia iendayo Morningside.

Safari yenyewe siku hizi ni nyepesi. Tangu treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, Morogoro imekuwa mji wa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ugumu huanzia pale lami inapokwisha. Bodaboda zilitupandisha mpaka njia ilipogeuka makorongo, kisha tukatembea. Nyuma yetu mji ulizidi kuwa mdogo. Mbele yetu Uluguru ilipanda ngazi kwa ngazi, mashamba ya migomba, mahindi na mboga, hadi ukingo wa msitu uliojifunika ukungu. Kinamama walitupita wakishuka na matenga kichwani kuelekea Soko la Chifu Kingalu, miguu yao ikiyajua mawe kama sisi tunavyozijua ngazi za nyumba zetu.

Milima hii ina mengi kuliko mandhari. Kilele chake cha juu, Kimhandu, kinazidi mita 2,600. Upande wake wa mashariki, unaotazama bahari, hupokea mvua nyingi zaidi, na huko Kinole na Matombo hulimwa iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Vijito vyake hukusanyika kuwa Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kwa hiyo bi harusi wa Temeke au Kinondoni anapooga siku ya ndoa yake, huenda anaoga maji ya Uluguru, hata kama hajawahi kuuona mlima wenyewe.

Bibi alitupokea kwenye baraza. Binti alipiga goti akasema, "Shikamoo bibi." "Marahaba, mke mwenzangu," akajibu ajuza, "umekuja kuniaga au kuninyang'anya mume?" Utani huo wa bibi na mjukuu ulituondolea uchovu wa kupanda. Tulipokwisha kunywa maji tukaeleza shida yetu. Bibi alisikiliza, kisha akacheka kidogo, bila furaha. "Mmechelewa mwaka mmoja," akasema. "Twendeni mkaone."

Bustani ya zamani ilikuwa imegeuka bustani ya mboga. Matuta ya kabichi na figiri yalijaa kila mahali, kwa sababu mboga huuzwa kila siku na maua huulizwa mara moja kwa mwaka. Maua yalikuwa yamesukumwa pembeni: mwaridi wa kizamani wenye miba mikali, vichaka vitatu vya hidranja, mstari wa rehani kando ya jiko, na mwasumini mkubwa uliopanda ua wa nyuma. Mjukuu wa kiume anayemlimia alikuwa amekwisha kupanga kuung'oa mwasumini huo mvua zikianza, apande nyanya. Hatukumlaumu. Kijana ana watoto, na asumini hailishi mtoto.

Sheria nayo imebana nafasi. Kipande chake cha chini, kilichokuwa na rutuba kuliko vyote, kimo kando ya kijito, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Bibi ameuacha ukingo huo urudi kwenye majani. Juu yake kuna mpaka wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na huko pia maua hayachumwi. Katika miamba yenye kivuli ya milima hii huota jamii mojawapo ya saintpaulia, mmea mdogo wa maua ya urujuani ambao ndugu zake wamekuwa pambo la madirisha duniani kote. Tuliambiwa kwamba wageni wengine huing'oa na kuitia mfukoni. Shada la ndoa likianza kwa kitu kilichoibwa msituni, baraka yake itatoka wapi?

Jioni ile, tukiwa tumekaa jikoni, bibi alitufunza jambo ambalo hakuna muuza maua aliyewahi kutueleza. Yeye aliolewa Mfungo Mosi, miaka arobaini na ushee iliyopita, na ilikuwa kipupwe, mlima mkavu na wenye baridi, alibeba mawaridi. Binti yake, yaani mama wa bi harusi wetu, aliolewa Mfungo Mosi vilevile, lakini ilikuwa vuli, joto na mvua za kwanza. Alivishwa asumini kuanzia nywele hadi kifuani. Sasa mjukuu anaolewa Mfungo Mosi tena, nao umeangukia masika. Mwezi mmoja, harusi tatu, majira matatu.

Sababu tunaijua, ila hatujawahi kuitia bustanini. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, na kwa hiyo miezi yetu hurudi nyuma kidogo kidogo katika majira, ikikamilisha mzunguko kwa takriban miaka 33. Mkulima anayefuata kalenda ya jua anaweza kusema Desemba ni mwezi wa ua fulani. Familia ya Kiislamu haiwezi kusema Mfungo Mosi ni mwezi wa mawaridi, wala kwamba Shaabani, mwezi tuupendao kwa ndoa, ni mwezi wa asumini. Kila kizazi hukuta bustani tofauti katika mwezi uleule. Anayetaka harusi zote zifanane itabidi anunue maua yaliyosafirishwa kutoka mbali. Anayekubali majira hupokea alichoandikiwa.

Tulishuka na maua ya majaribio: hidranja nne, mawaridi sita na fungu la rehani. Bibi akatuongezea mkungu wa ndizi zilizoanza kuiva, nasi, kwa kuona tenga lina nafasi, tukaviweka pamoja. Tulipofungua tenga nyumbani, mawaridi yalikuwa yamelegea na kupukutisha, na hidranja zimenyong'onyea kama nguo iliyolowa. Binti alifunika tenga akaondoka bila kusema neno. Usiku ule wengi wetu tuliamini kwamba mbuzi mmoja atauzwa.

Fundi mmoja wa bustani ndiye aliyetueleza kosa letu. Ndizi inayoiva hutoa hewa iitwayo ethileni, na hewa hiyo, inayoivisha tunda, huyazeesha maua mengi. Tuliyafungia maua chumba kimoja na mzee wao. Tena tuliyakata jua likiwa kali, tukayasafirisha bila kuyanywesha. Hayo yote yana dawa, na dawa zake hazina gharama. Maua hukatwa alfajiri, yakiwa yamejaa maji ya usiku. Kikonyo hukatwa kimshazari kwa kisu kikali, majani ya chini huondolewa ili yasioze ndani ya maji, kisha maua hukaa ndani ya ndoo, kivulini, kwa saa kadhaa kabla ya safari. Hidranja iliyolegea huzamishwa yote, kichwa na vyote, katika maji baridi. Hunywa hata kwa petali zake, na mara nyingi hufufuka.

Tulirudi mlimani baada ya Idi, siku moja kabla ya ndoa. Masika yalikuwa yameshika. Bodaboda zilikataa kupanda, tukapanda kwa miguu, tukishikana mikono kwenye utelezi. Tulipofika, mwaridi ulikuwa umeharibika: kila ua lilikuwa na madoa ya kahawia, matumba yamebanana kwa unyevu na kuozea humohumo. Binti alisimama mbele yake kwa muda mrefu. Mawaridi ndiyo aliyoyataka, na ndiyo aliyowaahidi wenzake.

Bibi hakumbembeleza. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye shimo la maji ya jikoni, mahali ambapo sisi hatukuwahi kutazama. Palikuwa na maua meupe yaliyosimama wima, kila moja kama karatasi iliyokunjwa faneli, yakilowa mvua bila kudhurika. Kwa jina la madukani huitwa kala. "Masika hayana mawaridi," bibi akasema, "yana haya. Ukiyataka ni yako. Usipoyataka, mwambie baba yako auze mbuzi, nami sitakuchukia." Binti akauliza kama yatafika salama. Akajibiwa kwamba ua lililozoea kusimama kwenye maji haliogopi safari. Ndipo akaomba kisu.

Tulikata kala 15, hidranja tatu zilizokuwa na rangi ya buluu, maana udongo wenye tindikali hulifanya ua hilo kuwa la buluu, na majani ya kangaga kutoka kando ya nyumba. Jirani alituongezea matawi machache ya mdalasini yaliyotoka upande wa Kinole, yenye majani machanga mekundu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Bibi alituonya tufunge vikonyo vya kala kwa kitambaa, kwani utomvu wake huwasha ngozi, na tusiguse kabisa oleanda iliyopandwa kwenye uzio wa jirani: ni ua zuri, lakini mti wake mzima ni sumu, na harusini watoto hutia kila kitu mdomoni. Maua yakanyweshwa kutwa nzima. Alasiri, mvua ilipopumzika, tukachuma matumba ya asumini yakiwa bado yamefumba, tukayafunga katika jani la mgomba lenye kitambaa kibichi. Asumini hufunguka usiku. Inayochumwa imekwisha kuchanua hufika imechoka. Ndizi tulizibeba, lakini katika tenga lake peke yake.

Usiku ule nyumba yetu ilijaa wanawake, sindano na uzi. Vikuba tulivitunga kwa desturi ya pwani: asumini, rehani na vipande vya mkadi tulivyoletewa na shoga mmoja kutoka Bagamoyo. Wazee walikumbuka kilua, ua dogo la msitu wa pwani linalonukia kuliko umbo lake. Ni fahari kwetu kwamba wataalamu wa mimea walipouandika mti huo kitaalamu mwaka 1970 waliiita jenasi yake Mkilua, kwa jina la Kiswahili walilolikuta. Wazazi wa zamani hawakuwa na maduka ya maua, lakini walikuwa na elimu ya maua.

Shada la mkononi tulilifunga sisi wenyewe. Njia yake haina siri. Huanza na ua moja katikati ya kiganja. Kila kikonyo kinachofuata huwekwa kimshazari juu ya kilichotangulia, kwa upande uleule, huku shada likizungushwa kidogo kidogo. Vikonyo hupishana kama kuti za paa, vichwa hujipanga duara, na shada likikamilika huweza kusimama lenyewe mezani. Kala zilikaa juu, hidranja zikaziba nafasi, mdalasini na kangaga zikazunguka kama ua wa nyumba. Tulifunga kwa uzi wa mgomba uliolowekwa, kisha kwa kitambaa cheupe. Mpaka hina alitupa ushauri wa mwisho: lipunguzeni. Shada kubwa huficha mikono, na mikono ya bi harusi ndiyo iliyobeba kazi ya siku mbili ya hina. Tukaondoa kala sita. Weupe wa zile tisa zilizobaki uliitoa hina kama maandishi kwenye karatasi.

Wapo wasomaji watakaouliza kama kushika shada si kuiga wasio Waislamu. Nasi tuliuliza. Imamu wa msikiti wetu alitujibu kwamba mapambo ni desturi, na desturi asili yake ni halali mpaka iingiliwe na haramu; akatutahadharisha na mambo matatu. La kwanza ni israfu. La pili ni manukato makali ya mwanamke mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Kwa hiyo vikuba vilibaki ndani, kwa wanawake, na shada lililotoka nje kwenye gari lilikuwa la kala na hidranja, ambazo harufu yake ni hafifu. La tatu ni itikadi za kigeni, kama ile ya kurusha shada nyuma na kuamini kwamba atakayelidaka ndiye atakayeolewa. Riziki ya ndoa iko kwa Mwenyezi Mungu. Akaongeza kwamba Mtume (s.a.w.) alifundisha mtu akipewa rehani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema.

Nikaha ilifungwa Jumapili adhuhuri. Mbuzi wote wawili walichinjwa, na sahani zilifika kwa yatima kabla hazijafika kwa wageni wa heshima. Wenzake binti walimuuliza shada limenunuliwa wapi. Alisema, "Kwa bibi yangu, nyuma ya jiko." Tulimsikia, na hakukuwa na aibu katika sauti yake.

Hatutaki kusema kwamba harusi moja imeiokoa bustani. Mwasumini ungali upo kwa sababu familia tatu za mtaani kwetu zimemwomba bibi asumini za harusi zao na kulipa kabla, na mjukuu wake amekubali kuusubiri mwaka mmoja zaidi. Kabichi bado ndiyo inayolipa ada za shule. Bustani ya maua huishi kwa kuulizwa. Ikiacha kuulizwa, hung'olewa. Milima hii inajua tofauti ya kupanda kwa amri na kupanda kwa hiari: mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka dhidi ya matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba na wakoloni. Lakini mti wa asumini wa bibi, ambao hakuna aliyemlazimisha kuupanda, umedumu kuliko matuta mengi.

Basi wazazi wenzetu walio na mabinti, tunawausia jambo jepesi. Kabla hamjauliza bei ya maua, tazameni kalenda mbili, ya mwezi na ya mvua, mjue harusi yenu itaangukia majira gani. Kisha ulizeni ndugu zenu wa mlimani na wa shamba ni kipi kinachanua wakati huo. Asumini hupandwa kwa kipande cha tawi na huhitaji subira ya miezi mingi. Rehani huwa tayari baada ya wiki chache, hata ndani ya kopo dirishani. Na kila kipandwacho na Muislamu, akila mtu, ndege au mnyama, ni sadaka yake.

Siku ya tatu baada ya harusi tulimtembelea binti kwake. Kala zilikuwa zimeanza kukunjamana. Lakini matawi ya rehani aliyoyachomoa katika kikuba chake alikuwa ameyatia ndani ya glasi ya maji, na mawili yalikwisha kutoa mizizi midogo myeupe. Alituuliza wapi apate udongo mzuri. Mwenyezi Mungu ajaalie nyumba hiyo izae matunda mema, na aifanye bustani ya bibi idumu mpaka Mfungo Mosi wa wajukuu wa wajukuu wake, wawe katika majira yoyote atakayoyataka Yeye. Amin.